Mpapase Punda Wako

Twasema asante ya punda ni mateke. Lakini tazama punda wetu hapa Itigi, wabebao maji na kuvuta mikokoteni: asante yetu kwao ni nini? Mara nyingi ni fimbo juu ya kidonda.

Mimi mwenyewe nilikosa. Wangu alipokataa kwenda, nilimchapa. Nilipomvua matandiko, nikaona kamba ya nailoni imemkata begani. Haukuwa ukaidi, yalikuwa maumivu.

Tangu siku hiyo, kila jioni nampapasa kwa mkono, toka shingo mpaka kwato. Panapo joto au uvimbe, au akishtuka, hapo pana shida. Kidonda nakiosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, wala simfungi matandiko mpaka kipone. Oili chafu ya gari usimpake kamwe. Kwato nazichokoa mawe. Kisha namwacha agaagae mavumbini, anywe, apumzike kivulini. Kidonda kikinuka, au akichechemea, mwite bwana mifugo.

Usiseme, “Akifa nitanunua mwingine.” Punda jike huchukua mimba kama miezi 12, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Tena biashara ya ngozi imewapunguza barani mwetu, hata Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuzuia kwa miaka 15 kuwachinja kwa ajili ya ngozi.

Basi leo jioni, kabla hujala, pitisha mkono mgongoni mwake. Yeye mwenyewe atakuonyesha panapouma.