Mgeni Aliyekalia Kinu

Juma lililopita nilikwenda Matogoro, pembezoni mwa mji wa Songea, kumjulia hali dada yangu. Nilipobisha hodi, wa kwanza kunilaki hakuwa dada wala shemeji, bali tumbili mchanga, kafungwa kamba ya katani kiunoni, kakalia kinu. Mpwa wangu wa miaka tisa alinieleza kwa fahari kwamba mama yake tumbili aliuawa shambani akivunja mahindi, naye mtoto akaokotwa akiwa bado kang'ang'ania kifuani mwa maiti.

"Mjomba, anakunywa maziwa kama mtoto!"

Sikushangaa sana. Mlima Matogoro ni msitu, na humo ndimo unamoanzia mto Ruvuma. Mashamba ya watu yamepakana na miti. Na kumhurumia yatima si dhambi.

Lakini, ndugu msomaji, sheria ina maneno yake. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Tena sheria hiyo inapotaja nyara haikomei kwenye pembe na ngozi: inamtaja mnyama mwenyewe, awe hai au mfu. Basi yule aliyekalia kinu alikuwa nyara, na kukaa na nyara ya Serikali bila kibali ni kosa, hata kama si wewe uliyeua. Shemeji alicheka nilipomwambia hayo. Kisha akaacha kucheka.

"Mbona wenye fedha wanafuga swala?" aliuliza. Ni kweli, kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu watu kuanzisha bustani, mashamba na ranchi za wanyamapori. Ila huko kuna leseni, ada, uzio na ukaguzi. Hakuna aliyezitunga akifikiria kamba ya katani.

Tuiache sheria, maumbile nayo ni makali. Tumbili hupendeza angali mchanga. Akikomaa, hasa dume, huota chonge ndefu na kuanza kutafuta cheo katika kundi lake. Kundi lake ni nani, ikiwa amelelewa jikoni? Ni watu wa nyumba ile, na atakayeanza kupimana naye nguvu ni yule aliye mdogo kuliko wote. Kumrudisha msituni wakati huo ni kumtupa: hajui kujitafutia chakula, hajui kumkimbia mbwa, na tumbili wenziwe huenda wakamfukuza. Atarudi kwenye mashamba, auawe kama mama yake.

Nilipokuwa nikisema hayo, dada aliinamisha uso. Kisha akamwita mtoto, akanionyesha kidole chake. Palikuwa na alama mbili za meno, za siku mbili zilizopita.

"Ni mchezo tu, kaka," alisema.

Kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, huweza kumshika mnyama yeyote anyonyeshaye, na dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Jeraha la namna hiyo huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15, kisha mtu huenda kupata chanjo bila kungoja. Tulikuwa tumechelewa siku mbili. Tulikiosha hata hivyo, tukaenda hospitali alasiri ileile, akachomwa sindano ya kwanza.

Kesho yake shemeji alikwenda kumwarifu afisa wanyamapori, ambaye alikuja na kisanduku chenye matundu. Mpwa wangu alilia sana. Aliniuliza huko aendako atapewa maziwa na nani, nami nikajibu mambo ambayo sikuwa na hakika nayo.

Siku ya sindano ya pili alikataa kutoka nyumbani, mpaka tulipokubaliana kwamba kwanza tupitie kwa afisa yule, aulize mwenyewe.