Tusikimbilie vidonge vya usingizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalowasumbua wananchi wengi hapa kwetu Umwe, nalo ni kukosa usingizi kwa sababu ya mawazo, na kisha kukimbilia vidonge.

Mawazo yenyewe yana sababu. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yaliharibu mashamba na nyumba za watu. Maji yalipungua, madeni hayakupungua, na hata leo mvua kubwa ikinyesha usiku wapo wasiofumba jicho. Sisemi juu ya wanaokesha madunguni kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Hao wako kazini. Nawasema walio kitandani na usingizi hauji.

Wengi wao hutuma mtoto dukani. Diazepamu ni dawa ya kuandikiwa na daktari, lakini wapo wauzaji wanaoitoa kimoja kimoja kama pipi. Dawa hiyo humzoesha mtu, na baada ya majuma machache halali tena bila ya kuimeza. Akiichanganya na pombe, pumzi inaweza kukatika. Pombe nayo peke yake humlaza mtu upesi, kisha humwamsha saa nane za usiku.

Mimi naona tuanzie jikoni, tena kwa kupunguza kabla ya kuongeza. Kwetu watu hula saa tatu, wakateremshia chai ya rangi iliyokolea, na barazani kahawa inapita. Kafeini iliyomo huchukua kama saa tano ndipo nusu yake itoke mwilini. Aliyekunywa saa mbili usiku, saa saba bado anayo nusu. Halafu asubuhi tunasikia kwamba karogwa!

Badala yake upo mchaichai, ambao kwa wengi umeota uani. Hauna kafeini. Kosa ni kuuchemsha pamoja na majani ya chai, maana hapo tumerudi pale pale. Uchemshwe peke yake. Chakula kiliwe mapema, saa moja hivi, kisiwe kizito, wala mtu asilale na njaa kwani njaa nayo huamsha. Maziwa, samaki na korosho zina kitu ambacho mwili hukitumia kutengenezea kemikali ya usingizi, ila kiasi kilichomo katika kikombe kimoja cha maziwa ni kidogo, asitegemee mtu muujiza. Na anayetembeza unga wa mizizi akidai unalaza kwa dakika tano, aulizwe umepimwa wapi.

Chakula hakilipi deni. Ambaye amekesha zaidi ya mwezi, au ameanza kuona afadhali afe, huyo asingoje mchaichai. Ndugu zake wampeleke kituo cha afya upesi.

Nawaomba wahudumu wa zahanati wawaulize wagonjwa habari za usingizi, maana mtu huja na kichwa kinachouma akapewa dawa ya kichwa tu. Wanaohusika na ukaguzi wa maduka ya dawa nao wafike mpaka huku vijijini, tena bila ya kutoa taarifa kwanza.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Umwe, Rufiji.