Kielelezo Asiyeulizwa Swali

Siku ya kutuza wanafunzi huku Kawangware 56, hadithi huwa ile ile. Watoto wanakalishwa juani, gari kubwa linaingia, mgeni wa heshima anashuka. Anasema alikulia hapa hapa, akasoma kwa koroboi, akatoka. Someni, nanyi mtatoka. Makofi. Kisha anaondoka, ana mkutano kwingine. Hakuna mtoto aliyepewa nafasi ya kumuuliza: hizo pesa ulizipataje, mzee?

Hapo ndipo ninapogomba na walimu wetu. Tunawafundisha watoto kwamba wema ni kuhama. Aliyetoka ni kioo cha jamii. Aliyebaki ni kitisho: usiposoma utauza sukuma kama fulani. Na tunayasema hayo mbele ya mtoto ambaye karo yake inatoka kwa hiyo hiyo sukuma!

Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alituonyesha njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1970 alienda kuwahoji wazee wenye hekima, wengi wao wa vijijini, na mwaka wa 1990 akachapisha kitabu chenye mahojiano hayo. Hakuwasifia mvi tu. Alitofautisha mzee anayekariri mila na mzee anayeipima na kutoa sababu. Paul Mbuya Akoko, mmoja wao, alisema wazi kwamba Waluo wenzake walikosea kudhani Mungu wao si yule wa watu wengine. Kwa Oruka, hekima ilikuwa kuweza kuulizwa “kwa nini?” na kujibu.

Mtasema mtoto wa mtaani anahitaji ndoto. Sawa, ndoto apewe. Lakini mtaala wa umilisi unataja uadilifu kama thamani ya kufundishwa, na uadilifu haufundishwi na mtu ambaye hatujui alivyopata mali yake. Tukimpigia makofi bila kumuuliza, somo ambalo watoto wanashika ni moja: ukiwa na gari, huulizwi.

Mwaka ujao, kwenye kile kiti cha mbele akae mama mboga wa hapo stejini. Watoto wamuulize: kwa nini unamkopesha mtu ambaye bado hajalipa deni la juzi? Akikosa jibu, aulizwe mwingine. Na mheshimiwa akija, karibu sana, ila maswali kwanza, makofi baadaye. Kama hataki, gari si analo? Aende.