Dawa Iingie Ndani ya Jicho

Lensi ikishapandikizwa, kazi ya daktari wa mtoto wa jicho bado haijaisha. Husafisha mabaki, hukagua kama kidonda kimejifunga, kisha ndipo jicho hufunikwa. Kabla halijafunikwa kuna nafasi ya kuingiza mililita 0.1 ya antibayotiki kwenye chumba cha mbele cha jicho. Toleo hili linazungumzia nafasi hiyo, nami nasema wazi: isipotee hata kwa mgonjwa mmoja.

Bakteria wanaoshambulia jicho baada ya upasuaji mara nyingi hutoka kwenye kope za mgonjwa mwenyewe. Iodini ya povidoni ya asilimia 5, inayotiwa kabla ya kisu, huwapunguza sana na kamwe isiachwe. Hata hivyo wachache hupenya. Tukimwachia mgonjwa matone ya kwenda nayo nyumbani, tunamtegemea bibi mwenye mikono inayotetemeka: tone moja jichoni, matatu shavuni. Hata lile lililoingia, ni sehemu yake ndogo tu inayofika ndani.

Ushahidi upo. Utafiti wa Ulaya wenye wagonjwa zaidi ya 16,000, uliochapishwa kwa ukamilifu mwaka 2007, ulionyesha kwamba wasiopewa sefuroksimu ndani ya jicho walikuwa katika hatari ya maambukizi karibu mara tano zaidi. Lakini najua daktari wa kambi ya macho atauliza Ulaya inamhusu nini. Basi atazame hospitali za Aravind, kusini mwa India. Huko wagonjwa ni wengi, maskini ni wengi, na upasuaji mwingi ni ule wa mkono, wa kidonda kidogo kisichoshonwa, kama wetu. Walitumia moksifloksasini iliyotengenezwa na kiwanda chao wenyewe, Aurolab. Katika kumbukumbu za macho zaidi ya 600,000, maambukizi yalishuka kutoka takriban 7 hadi 2 kwa kila upasuaji 10,000. Ni kweli, huo haukuwa utafiti wa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Kwangu wingi huo, katika mazingira hayo, unatosha kuamua.

Hofu yenye uzito ni moja, nayo ni uchanganyaji. Sefuroksimu ya sindano za kawaida huja ikiwa unga, na kinachotakiwa jichoni ni miligramu 1 tu. Kosa la hesabu limewahi kuharibu retina za watu. Ndiyo maana dawa iliyokwisha kupimwa kiwandani kwa ajili ya jicho ni bora, na pale isipopatikana, uchanganyaji usiachiwe muuguzi aliye peke yake katikati ya msururu wa wagonjwa.

Kwa hiyo ninawaomba wafamasia wa hospitali waisome makala ya dozi iliyomo humu kabla hata ya madaktari, wakae nao, na dawa hii iingie kwenye oda ijayo pamoja na lensi.