Kabla ya kulipia kozi ya maabara, uliza kuhusu bodi

Matokeo ya KCSE yakishatoka tu, kuta za mjini hujaa mabango. "Kozi za afya. Mwaka mmoja pekee. D inakubalika. Nafasi zimebaki chache." Kati ya kozi hizo, ya maabara haikosi. Ukiwa ulikosa udaktari, ukakosa na uuguzi, unaambiwa hapa ndipo pako, bora uwe na karo ya muhula wa kwanza.

Mimi nasema hivi: kozi ya maabara ni ya maana sana, na ndiyo sababu hufai kuisomea popote tu.

Wengi hudhani mtu wa maabara kazi yake ni kudunga kidole, kuweka tone la damu kwenye kipimo cha malaria na kungoja mistari miwili itokee. Hiyo hata wahudumu wa afya ya jamii hufanya vijijini. Kazi yenyewe iko kwingine. Chukua mfano wa zile chupa ndogo za damu zenye vifuniko vya rangi. Ya zambarau ina kemikali ya kuzuia damu isigande, na hutumiwa kuhesabu chembechembe za damu. Katika ile nyekundu damu huachwa igande, kisha maji yake hupimwa madini au hali ya ini na figo. Sasa mtu aliyesoma harakaharaka anaona ya nyekundu haijajaa, anaiongezea kidogo kutoka kwa ya zambarau. Si damu ni ya mgonjwa yuleyule? Kumbe kemikali ile ina potasiamu, na pia hunasa kalsiamu. Majibu yatatoka yakionyesha potasiamu imepanda ajabu na kalsiamu imeshuka, na daktari, ambaye hakuona mtu akimimina, anaweza kuanza kumpa dawa za dharura mgonjwa asiyezihitaji.

Na hapo hata hatujafika kwenye kulinganisha damu kabla ya kumwongeza mama aliyevuja sana akijifungua. Ukikosea hapo, mama anaweza kufa. Au makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu, ambayo usipoyashughulikia vizuri wewe mwenyewe utaenda na ugonjwa nyumbani. Mambo haya huyajui kwa kukariri notsi. Unayajua kwa kusimamiwa na mtu anayeyajua, kwenye maabara yenye wagonjwa wa kweli.

Ndiyo maana kuna sheria, ya tangu 1999, iliyounda bodi ya wataalamu wa maabara za matibabu, KMLTTB. Bodi hiyo ndiyo huidhinisha vyuo, husajili wanafunzi, huwatahini wanaohitimu na kuwapa leseni. Bila leseni yake, cheti chako ni karatasi tu, hata kama kina muhuri wa dhahabu.

Msichana mmoja wa mtaani kwetu aligundua haya akiwa amemaliza. Mamake alikuwa amechukua mkopo wa chama ili asome. Alipotaka kufanya mtihani wa bodi, akaambiwa chuo chake hakijulikani. Sasa anauza kwenye duka la simu, na mkopo bado unalipwa. Hasira yangu si kwake. Mtoto wa miaka 18 atajuaje kwamba chuo chenye bango, ofisi na makoti meupe ni cha ulaghai? Wanaopaswa kufunga vyuo hivyo hupita chini ya mabango yaleyale wakienda kazini.

Lakini huwezi kukaa ukingojea wao. Bodi huwa na orodha ya vyuo ilivyoidhinisha. Itafute kwenye tovuti yake au uwapigie simu, na usikubali kuonyeshwa nakala na mwenye chuo. Ukiwa na wastani wa C na ulifanya vizuri masomo ya sayansi, jaribu kwanza KMTC kupitia KUCCPS. Diploma huko ni miaka mitatu, na HELB hutoa mikopo. Alama zikikosa kutosha, afadhali uambiwe ukweli sasa kuliko kuuziwa ndoto ya mwaka mmoja.

Ukihitimu vizuri, kazi nayo haikungoji mlangoni, tusidanganyane. Wahudumu wa afya wa mpango wa UHC, wakiwemo wa maabara, waliajiriwa kwa kandarasi 2020, na 2025 walikuwa bado barabarani wakidai ajira ya kudumu. Lakini mwenye leseni anaweza kutuma maombi katika kaunti, hospitali za misheni na za watu binafsi. Yule asiye nayo hana hata pa kuanzia.

Kwa hivyo ukienda kuuliza nafasi, usianze na karo. Uliza wanafunzi wanasajiliwa na bodi lini, wangapi walipita mtihani wake mwaka jana, na mazoezi hufanyiwa hospitali gani. Kisha panda matatu uende hospitali hiyo, uulize maabara kama wanakijua chuo hicho. Nauli hiyo haitakuuma. Na wakikujibu "hayo tutapanga ukishalipa", chukua nakala zako za KCSE na uondoke.