Kalamu Ikatayo Bila Kueleza

Ardhi inapotwaliwa kwa ajili ya barabara au mgodi, mwananchi hukutana na mthamini mmoja tu: yule afikaye shambani, akahesabu mikorosho na kuipima nyumba. Mthamini wa pili hamwoni kamwe. Huyo hukaa ofisini, huisoma taarifa ya mwenzake, na ndiye mwenye neno la mwisho.

Hatupingi ukaguzi. Kanuni za fidia za mwaka 2001 hapa Tanzania zinataka kila uthamini uhakikiwe na Mthamini Mkuu wa Serikali au mwakilishi wake. Ni sharti jema, kwani mthamini wa shambani aweza kuhongwa aandike miti isiyopandwa, na fedha iibwayo hivyo ni ya umma. Tunachokipinga ni kalamu ikatayo bila kueleza.

Hapa ndipo wanataaluma hawa wanapovutana. Wa shambani huuliza: aliyeketi kitini ajuaje hali ya nyumba asiyoiona? Mkaguzi hujibu: bei uliyoandika haina mauzo ya kuithibitisha. Kila mmoja ana hoja. Lakini karibu yao husimama mlipaji wa fidia, na mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mvutano huo ukimalizwa kwa simu badala ya hoja, anayeumia ni mwenye nyumba. Posho yake ya makazi huhesabiwa kwa kodi ya miezi 36. Kodi hiyo ikishushwa kwa shilingi 10,000 tu kwa mwezi, amepoteza shilingi 360,000, wala hatajua nani aliyezikata.

Watasema kwamba maelezo huchelewesha malipo. Je, ukurasa mmoja wa sababu huchelewesha kuliko kesi ya miaka mingi mahakamani? Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 yadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Haraka isiyo na haki siyo iliyokusudiwa.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, mkaguzi abadiliye thamani aandike sababu na kutia sahihi yake, maana hapo amekuwa mthamini, si msomaji tu. Pili, ubishi ukihusu hali ya mali, aende akaione. Tatu, mwenye mali aonyeshwe hesabu zote mbili, ya kwanza na ya mwisho.

Enyi wathamini, ninyi nyote mna elimu moja. Bishaneni kwa maandishi, tena mbele ya yule ambaye mali yake ndiyo mnayoipimia.