HAZINA ILIKUWA TUPU KWA NANI?



Tunaambiwa tuige Marekani ya 1932 kwa kubana matumizi. Aliyebanwa ni nani? Januari Rais Hoover aliunda shirika la kukopesha mabenki na reli, mtaji dola milioni 500 kutoka Hazina. Julai 28, askari wastaafu wa Vita Kuu ya Kwanza waliokuwa wamepiga kambi Washington kudai malipo yao ya sheria ya 1924 walifukuzwa na jeshi la Jenerali MacArthur, kwa vifaru na mabomu ya machozi. Vibanda vikachomwa. Kweli, sheria ilisema walipwe 1945. Lakini kiuhasibu lile ni deni, si sadaka! Lililipwa 1936, tena Rais Roosevelt naye akipinga.

Katibu wa Tawi